Taa ya Kijani na Bei ya Korosho: Miaka Yangu na Programu Jalizi

Duka langu la kuchapa na kutoa kopi liko Chikongola, Mtwara Mjini. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa barua za maombi ya kazi, fomu za vyuo, risala za harusi na mihtasari ya vikao vya vyama vya msingi, na ni hiyo mihtasari ya vyama iliyoniingiza katika habari ninayoisimulia hapa. Wakulima waliokuwa wakisubiri karatasi zao zitoke kwenye mashine walikuwa wakiulizana mambo yale yale kila msimu: mnada wa mwisho umefungwa kwa bei gani, salfa ya kupulizia mikorosho mwaka huu itagawiwa lini, korosho zilizonyeshewa uani zimeshuka daraja au bado zinaokoleka. Majibu yalikuwepo, ila yalikuwa yametawanyika kwenye matangazo ya ukutani, redioni na vinywani mwa watu. Julai 2018 nikaamua kuyakusanya mahali pamoja. Nilimlipa kijana mmoja anijengee tovuti kwa WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, nikawa naandika usiku baada ya kufunga duka.

Novemba mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba itazinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwa majuma kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine huku Kusini. Waliokuja dukani walikuwa wakitafuta "bei ya korosho" kwenye simu zao mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa na ukurasa wenye kichwa hichohicho, nimeuandika kwa uangalifu, nimeusahihisha mara tatu, na haukuonekana popote. Nilijaribu kuitafuta tovuti kwa jina lake kamili, nayo haikutokea.

Aliyenifumbua macho hakuwa mtu. Ilikuwa programu jalizi. Kwa asiyezifahamu, programu jalizi, ambazo sisi wa dukani huziita plagini basi, ni vipande vya programu vinavyochomekwa kwenye WordPress ili kuiongezea kazi ambazo yenyewe haikuja nazo, na milango ya kuzichomeka ilifunguliwa mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya WordPress yenyewe kutolewa. Niliyoiweka mimi kwanza ilikuwa Yoast SEO, ya kuisaidia tovuti ionekane kwenye injini za utafutaji, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Joost de Valk wa Uholanzi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitajwa kila nilikosoma. Haikumaliza hata dakika moja tangu niiwashe, ikaweka onyo jekundu juu ya dashibodi: tovuti hii inazizuia injini za utafutaji. Kumbe katika mipangilio ya usomaji ya WordPress kuna kisanduku kidogo kinachoziomba Google na wenzake wasiiorodheshe tovuti, ambacho mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane. Kijana wangu alikitia tiki, akamaliza ujenzi, akachukua fedha yake, akaenda zake. Miezi minne nzima nilikuwa nikiandika, na kila Google ilipobisha hodi, tovuti yenyewe ilikuwa ikiijibu kwamba hakuna mtu.

Nilitoa tiki, na baada ya siku chache kurasa zikaanza kuonekana. Naeleza hili mapema kwa sababu mengi yatakayofuata ni lawama, na isingekuwa haki kuilaumu programu jalizi bila kusema kwamba ndiyo iliyoniokoa. Lakini wokovu huo ulinilevya. Niliamini kwamba kama plagini moja imeweza kunifanyia hivyo kwa dakika moja, basi ishirini zitanifikisha juu kabisa. Nikaanza kuziokota kama mtoto anayeokota mabibo chini ya mkorosho, bila kuchagua lililoiva na lililooza.

Kilichonipotezea muda mrefu kuliko vyote kilikuwa ile taa ya kijani.

Yoast hukuuliza ukurasa wako unataka kupatikana kwa neno gani kuu, kisha hukupima: je, neno hilo limo kwenye kichwa, katika aya ya kwanza, katika anwani ya ukurasa na katika maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo? Je, maandishi yanafika maneno 300? Kila kipengele hupewa kitaa chekundu, cha rangi ya machungwa au cha kijani. Pembeni kuna kipimo cha pili, cha usomekaji, kinachotaka sentensi zenye maneno zaidi ya 20 zisizidi robo ya sentensi zote, na kinachotaka angalau asilimia 30 ya sentensi ziwe na maneno ya kuunganisha mawazo, ya namna ya "hata hivyo" na "kwa hiyo". Kwa mtu aliyelelewa kuheshimu alama za mwalimu, vitaa hivyo vina nguvu ya ajabu. Ukurasa wenye taa nyekundu nilikuwa siwezi kulala bila kuurudia.

Tatizo ni kwamba WordPress yangu ilikuwa imewekwa kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa naandika Kiswahili. Programu ilikuwa inasoma Kiswahili changu kana kwamba ni Kiingereza kilichoharibika. Ilihesabu maneno ya kuunganisha ikapata sifuri, kwa sababu ilikuwa inatafuta yale ya Kiingereza, na hata kama ingejua "hata hivyo" na "kwa hiyo," bado isingetuelewa, maana sisi viunganishi vyetu vingi huviweka ndani ya kitenzi chenyewe. Nikiandika "mvua ikinyesha ukiwa hujaanua korosho, zikalowa, zitakaposhuka daraja usimlaumu karani," nimeunganisha mambo manne kwa *-ki-*, *-ka-* na *-po-*, bila kutumia neno hata moja la pembeni ambalo mashine ingeliona. Kipimo cha ugumu wa maneno nacho kilinipa alama za aibu, kwani hutazama idadi ya silabi, na neno kama "hawakuyapulizia," ambalo mtoto wa darasa la pili Newala analielewa, lina silabi nane.

Kwenye neno kuu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Niliandika ukurasa kuhusu kupulizia salfa, nikaiambia programu kwamba neno kuu ni "kupulizia mikorosho." Kwa lugha inazozifahamu vizuri, programu ya aina hii inaweza kutambua sura mbalimbali za neno moja. Kiswahili changu haikukifahamu. Nilipoandika "unapopulizia mikorosho," "mikorosho ikishapuliziwa" na "mkorosho uliopuliziwa," yote haya kwake yalikuwa maneno mageni, ikanipa taa nyekundu kwamba neno kuu halipo kwenye maandishi. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Pulizia alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani na upepo haujaamka, ili unga wa salfa ushike." Nilikaa nayo usiku mzima nikiifukuzia kijani, na kulipokucha ilikuwa imegeuka kuwa: "Kupulizia mikorosho ni kazi muhimu, hata hivyo, kupulizia mikorosho kunahitaji muda sahihi, kwa hiyo, kupulizia mikorosho kufanyike alfajiri." Taa zote zikawa kijani, nami nikajiona nimefaulu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, analima korosho Kitangari, na ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu mwanzo. Alinipigia siku ya pili yake. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mpwa wangu, nimekusoma. Naomba kuuliza, ile habari ya salfa umeiandika wewe au umefuga kasuku?"

Nilicheka, lakini sikubadilisha kitu. Ndiyo nguvu ya ile taa: niliweka alama ya mashine isiyojua Kiswahili juu ya neno la mtu ambaye amepulizia mikorosho tangu kabla sijazaliwa. Kwa muda wa mwaka mzima nilizirekebisha kurasa zangu kwa mtindo huo. Usiku mwingine nilijaza maneno arobaini kwenye kile kisanduku cha maneno muhimu ambacho programu jalizi nyingine ilikuwa nacho, nikiandika "korosho, bei korosho, korosho Mtwara, korosho Lindi, korosho Tandahimba" hadi vidole vinauma, bila kujua kwamba Google ilikwisha kutamka Septemba 2009 kwamba haitumii maneno hayo hata kidogo katika kupanga matokeo. Na kwa kuwa hizo zilikuwa programu mbili za kazi moja zinazowaka kwa pamoja, kila ukurasa wangu ulikuwa na maelezo mafupi mawili yanayopingana, na tovuti nzima ilikuwa na ramani mbili, yaani orodha za kurasa zinazosomwa na injini za utafutaji. Niligundua hilo kwa bahati, siku nilipofungua chanzo cha ukurasa kwenye kivinjari nikitafuta jambo lingine kabisa.

Kilichonirudisha kwenye mstari ni taarifa ya maswali katika Google Search Console. Hiki ni chombo cha bure cha Google chenyewe, na si programu jalizi. Kinakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukatokea, mara ngapi umetokea na mara ngapi umebofywa, kwa miezi 16 iliyopita. Nilikuwa nimekiunganisha mapema kwa kuwa programu jalizi ilinitaka nifanye hivyo, kisha nikakisahau. Nilipokifungua kwa makini, nadhani ilikuwa mwanzoni mwa 2020, niliona kitu ambacho taa haikuwahi kuniambia.

Ukurasa wangu wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia machipukizi na maua ya mikorosho, ulikuwa wa kijani kibichi kila upande. Niliupa jina hilo kwa sababu ndilo linalotumika kwenye vipeperushi vya kilimo na kwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, na ni jina sahihi. Lakini maswali yaliyokuwa yakiuleta mbele ya watu, kwa nafasi za chini kabisa, yalikuwa haya: "unga mweupe kwenye maua ya korosho," "mikorosho inakauka maua dawa," "maua ya mkorosho yanakuwa meusi." Mtu anayeuguliwa na shamba haandiki jina la ugonjwa, kwa sababu jina ndilo analolitafuta. Anaandika anachokiona akisimama chini ya mti. Ukurasa wangu ulikuwa unajibu swali la mtu ambaye tayari anajua jibu.

Niliuandika upya. Kichwa kikawa "Unga mweupe kwenye maua ya mikorosho: ni ubwiriunga, na hivi ndivyo unavyozuiwa." Aya ya kwanza ikaeleza maua yanavyoonekana asubuhi, rangi yanayogeuka, na kwa nini mwezi wa maua ndio wa hatari. Nikairudisha ile sentensi ya umande na upepo kama ilivyokuwa. Taa ya neno kuu ikarudi kuwa nyekundu, na kwa mara ya kwanza nikaiacha. Baada ya miezi michache ukurasa huo ulikuwa unatokea katika matokeo ya kwanza kwa maswali ambayo hapo awali ulikuwa unazikwa, na hadi leo ndio unaoleta wasomaji wengi kila msimu wa maua. Sidai kwamba kila ukurasa uliitikia hivyo. Wa bei za viuatilifu haukuinuka kabisa, na nadhani ni kwa sababu wenye maduka ya pembejeo wanayo majibu bora kuliko yangu.

Tangu hapo nilikoma kuiona programu jalizi kama mwalimu, nikaanza kuiona kama karani. Karani mzuri anakukumbusha kwamba ukurasa hauna maelezo mafupi, kwamba picha haina maandishi mbadala, kwamba kichwa ni kirefu mno kitakatwa njiani. Hayo ni mambo ya kweli na nimeendelea kumtii. Ila karani hajui mkulima wa Tandahimba anawaitaje wadudu wanaofyonza machipukizi ya mikorosho yake.

Sasa nije kwenye kisa ambacho bado kinanitia haya nikipita Kitangari.

Google ilikuwa imetangaza vipimo vyake vya uzoefu wa ukurasa, ambavyo vilianza kutumika katika kupanga matokeo mwaka 2021, na kimojawapo kinataka kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kurasa zangu zilikuwa zinachukua mara tatu ya hapo kwenye simu ya kawaida. Nikaweka programu jalizi ya kashe. Kazi yake inaeleweka kirahisi: kwa kawaida, kila mtu anapofungua ukurasa, WordPress huanza upya kuuliza hifadhidata na kuupika ukurasa huo kuanzia mwanzo, kashe huupika mara moja, huuweka tayari, na kila anayekuja anapewa kilichokwisha kuiva. Kasi iliongezeka siku hiyohiyo, nikafurahi kweli.

Minada ya korosho huku kwetu huanza mwezi wa Oktoba. Wakati huo wanunuzi walikuwa wakijaza zabuni, bei inasomwa mbele ya wakulima, nao wanaamua kuikubali au kuikataa. Mimi nilikuwa nikipata matokeo ya mnada wa chama kikuu cha ushirika kutoka kwa watu waliokuwepo, nayaingiza kwenye jedwali, na jedwali hilo nilikuwa nalitengeneza kwa programu jalizi nyingine ya majedwali. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Programu ya kashe hufuta chakula kilicholala pale unapouhariri ukurasa wenyewe. Mimi sikuwa nauhariri ukurasa; nilikuwa nabadilisha jedwali lililo ndani yake, na kashe haikuwa na habari kwamba kuna lililobadilika.

Ijumaa moja jioni niliingiza bei mpya, ambayo ilikuwa imeshuka kidogo kuliko ya wiki iliyotangulia. Niliufungua ukurasa nikaiona bei mpya, nikafunga duka, nikaenda nyumbani. Asubuhi Mjomba akapiga, na safari hii hakutania. Jirani yake alikuwa amekwenda ofisi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, akiwa na simu mkononi, amefungua ukurasa wangu, na bei iliyokuwa pale ilikuwa ya mnada uliopita. Alimwambia katibu mbele ya watu kwamba anawaibia wakulima, kwamba tofauti anaitia mfukoni, na watu walioanza kukusanyika hawakuwa wachache. Katibu alikuwa na karatasi sahihi. Tovuti yangu ndiyo iliyokuwa inasema uongo.

"Lakini mimi naiona bei mpya, Mjomba," nilimwambia, na nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa naiona kwa sababu nilikuwa nimeingia kama msimamizi, na programu nyingi za kashe humpa msimamizi ukurasa uliopikwa papo hapo huku wageni wote wakipewa ule uliolala. Kwa hiyo mtu pekee duniani ambaye asingeweza kuliona kosa hilo kwa njia ya kawaida alikuwa mimi mwenye tovuti. Nilichukua simu ya kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama nje ya duka, nikaufungua ukurasa, nikakutana na bei ya wiki iliyopita ikinitazama.

Niliifuta kashe, nikaondoa ukurasa wa bei katika orodha ya kurasa zinazowekwa tayari, nikampigia katibu yule kumwomba radhi, naye kwa uungwana wake akanipokea, ingawa nilimsikia kwenye sauti kwamba asubuhi ile haikuwa imemwisha mwilini. Baadaye nikaongeza jambo ambalo lingetakiwa kuwepo tangu mwanzo: juu ya jedwali, kwa maandishi ya kawaida, ni mnada wa ngapi, wa chama gani, na tarehe yake. Hakuna programu jalizi iliyowahi kunidai hilo kwa taa yoyote. Nililifanya kwa woga wa kugombanisha watu, lakini baadaye niliona watu wakitafuta bei wakiambatanisha mwezi na jina la chama, na ukurasa wangu ukitokea kwa sababu maneno hayo yamo.

Mwaka uliofuata nilifanya ujinga wa aina nyingine, na huu siwezi kumtwika mtu mwingine. Mteja aliniletea kwenye flashi nakala ya programu jalizi ya kulipia, iliyovunjwa kufuli, akaniambia ina kila kitu na haina malipo. Nikaiweka. Miezi miwili ilipita bila tatizo lolote lionekanalo. Kisha siku moja nikaandika kwenye Google neno *site:* likifuatiwa na anwani yangu, njia ya kuona kurasa zilizoorodheshwa kutoka tovuti moja, nikaona maelfu ya vichwa vya Kijapani vinavyouza viatu na mikoba chini ya jina la tovuti ya korosho. Nilipoifungua tovuti kwa kawaida hapakuwa na kiatu hata kimoja. Ndivyo wanavyofanya: msimbo uliofichwa humwonyesha mgeni tovuti yake ya kila siku, na Google ikija humwonyesha duka la wizi, ili wakope jina zuri la tovuti yako kupandisha mambo yao.

Kusafisha kulinichukua wiki tatu. Katika orodha ya watumiaji kulikuwa na msimamizi ambaye simfahamu, na katika Search Console kulikuwa na mtu aliyejithibitisha kuwa mmiliki mwenzangu. Niliwafuta wote wawili, nikaifuta programu ile, nikaweka WordPress mpya, nikarudisha maandishi yangu kutoka nakala rudufu ya zamani niliyokuwa nimeihifadhi dukani, kisha nikaiomba Google ikague upya. Kurasa za kweli zilirudi taratibu, baadhi zikachukua msimu mzima kufika zilipokuwa. Nikipiga hesabu ya kazi niliyoikosa dukani kwa wiki hizo, ningeweza kuinunua programu ile kwa halali na chenji ikabaki.

Baada ya hapo nilizihesabu programu jalizi zangu. Zilikuwa 27. Niliketi na daftari nikaandika mbele ya kila moja inafanya kazi gani, na kwa kumi na tano sikuweza kuandika kitu, nikaziondoa. Ya ramani ya tovuti niliiondoa kwa sababu WordPress yenyewe, tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, hutengeneza ramani, na Yoast nayo inayo ya kwake. Ya kuchelewesha upakiaji wa picha niliiondoa kwa sababu toleo hilohilo lilileta kazi hiyo. Ya kupamba maswali na majibu ili yatokee yakiwa yamekunjuliwa kwenye matokeo niliishikilia kwa muda, kisha Agosti 2023 Google ikatangaza kwamba mapambo hayo itayabakiza kwa tovuti za serikali na za afya zinazotambulika, nikaiaga. Zilizobaki ni tisa: Yoast, kashe, ya kubana picha, ya kuelekeza anwani za zamani kwenda mpya, ya nakala rudufu, ya ulinzi, ya majedwali, ya fomu ya mawasiliano, na moja ya kuzuia taka. Ya kubana picha inastahili kutajwa, kwani nilikuwa nikipiga picha za korosho kwa simu na kuzipandisha zikiwa na megabaiti nne kila moja, nikimlazimisha mkulima achome bando lake kuangalia korosho wakati anazo zimemjaa uani.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikawa ya kubahatisha nchini, niliona faida ya wembamba huo kwa macho yangu. Siku ya tatu hivi, dukani hapakuwa na kilichofunguka kwa urahisi, lakini ukurasa wa ubwiriunga, baada ya kusuasua, ulifunguka kwenye simu ya mzee mmoja wa Mikindani aliyekuwa amekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Aliusoma wote akiwa amesimama. Mara baada ya hapo akaniuliza kama salfa ya maji ni sawa na ya unga, swali ambalo sikuwa nimelijibu popote. Niliandika ukurasa wake wiki hiyohiyo, kwa maneno yake yeye, na kwenye Yoast una taa moja ya kijani na nne za machungwa.

Kila mwisho wa Septemba sasa nina desturi. Nauondoa ukurasa wa bei kwenye kashe tena, hata kama naamini haumo, kwa kuwa masasisho ya programu jalizi yamewahi kunirudishia mpangilio wa awali bila hodi. Naweka kwenye jedwali tarakimu ya mfano, natoka kwenye akaunti ya msimamizi, kisha nampigia binti yake Mjomba aliyeko Kitangari, ambaye hana nywila yangu na simu yake ni ya kawaida, nikamwomba aufungue ukurasa na anisomee anachokiona. Mwaka jana mtandao ulikuwa unavuta, tukasubiriana kwenye simu kama dakika mbili, nikimsikia kuku wao na Mjomba akiuliza ni nani huyo anayemaliza salio.

"Naona kumi na mbili, dada," akasema.

Nilikuwa nimeshaibadilisha kuwa kumi na tatu. Nikarudi kwenye mipangilio.

"Haya, fungua tena."

"Subiri... Kumi na tatu. Imebadilika."